Uzi: Magari yanayojiendesha hukwama wapi hasa? Usalama, udukuzi na uhaba wa vipuri

#1 Kalibra

Wakuu habari zenu.

Mijadala ya magari yanayojiendesha huishia kwenye ubishi uleule: kompyuta itamshinda dereva au haitamshinda? Uzi huu naomba tuuweke kando ubishi huo. Tuangalie yanavyoona na kuamua, yanavyoweza kuingiliwa, na vipuri vinavyotakiwa ili hayo mawili yasimame. Kwangu mimi hayo matatu ni tatizo moja, na kampuni inayoyagawa kwa idara tatu zisizosemezana inajitafutia ajali.

Tuelewane kwanza. Kiwango cha SAE J3016, cha chama cha wahandisi wa magari, kina ngazi 0 hadi 5 za kujiendesha. Ngazi ya 2, dereva ndiye mwangalizi muda wote, hata kama mikono haipo kwenye usukani. Ngazi ya 3, gari linajiangalia lenyewe kwenye mazingira yaliyoruhusiwa, ila linaweza kumwita dereva achukue usukani. Ngazi ya 4 halitegemei dereva wa kuchukua usukani. Likishindwa linajitafutia pa kusimama. Ngazi ya 5, ya kwenda popote katika hali yoyote, haipo sokoni. Uzi huu ni wa 3 na 4.

Mfano wa kuanzia ni Tempe, Arizona, 18 Machi 2018. Gari la majaribio la Uber, Volvo XC90, lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, walibaini kuwa mfumo ulimwona sekunde 5.6 kabla. Kwa mwendo wa kama kilomita 70 kwa saa, hapo kulikuwa na zaidi ya mita 100, nafasi ya kusimama kabisa na nyingine ikabaki. Lakini mfumo ulimwita gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila jina lilipobadilika ulifuta kumbukumbu ya alikotoka ukaanza upya kukisia anakoelekea. Haukuandaliwa kumtarajia mtembea kwa miguu mahali pasipo na kivuko. Sekunde 1.2 kabla ya kugonga ukatambua hatari, kisha ukajizuia kwa sekunde nzima, kwa sababu kizuizi hicho kiliwekwa makusudi ili kupunguza breki za bure. Breki ya dharura ya Volvo yenyewe ilikuwa imezimwa isigongane na mfumo wa majaribio.

Karibuni.

#2 Abiria Mtarajiwa

Mkuu Kalibra nimekupata. Swali la mlei: kama kuna kamera, rada na laida, si wafunge zote kesi iishe? Mbona wengine wanatoa rada na kubaki na kamera tupu?

#3 Kalibra

@Abiria Mtarajiwa kila kimoja kina upofu wake.

Kamera inasoma rangi, maandishi na mistari, lakini umbali inaukadiria tu. Jua likiwa chini mbele yake inapofuka. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: taa za barabarani za LED huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni. Kamera ikifungua kwa milisekunde 1 au 2 mchana, inaweza kupiga picha wakati taa imezima, na taa nyekundu ikaonekana haiwaki. Dawa ni kamera inayoweza kubaki wazi kwa kama milisekunde 11, yaani mzunguko mzima wa taa inayopepesa mara 90 kwa sekunde, bila picha kuungua kwa mwanga. Kamera ya bei rahisi haiwezi.

Rada ya gari hutumia masafa ya gigahezi 76 hadi 81, na wimbi lake lina urefu wa kama milimita 4. Inapima kasi ya kitu moja kwa moja, tena ndani ya mvua na ukungu. Udhaifu wake wa zamani ni kutojua vizuri kimo cha kitu. Daraja la juu, kifuniko cha chuma barabarani na lori lililosimama vyote huja kama mwangwi usiosogea. Ukivifungia breki vyote, gari litashtuka ovyo njia nzima. Ukivichuja, siku moja utachuja gari la zimamoto lililoegeshwa. Rada mpya zinazopima kimo zimepunguza tatizo hili, hazijalimaliza.

Laida inapima umbali kwa leza. Nanosekunde moja ya kwenda na kurudi ni sentimita 15, kwa hiyo kipimo ni kizuri sana. Za nanomita 905 hutumia vipokezi vya silikoni, ambavyo ni nafuu, lakini nuru hiyo hufika kwenye retina, hivyo nguvu yake inabanwa kwa usalama wa macho. Za nanomita 1550 nuru yake humezwa sehemu ya mbele ya jicho, kwa hiyo unaweza kuongeza nguvu na kuona mbali, ila vipokezi vyake ni ghali na maji huinyonya zaidi. Tope likiganda kwenye kioo chake, aina zote mbili ni sawasawa: huoni. Gari la ngazi ya 4 lisilo na kipuliza hewa na pua za kunyunyizia maji kwenye kila kihisi halijakamilika, hata liwe na kompyuta ya namna gani.

Kuhusu kamera tupu: Tesla walianza kutoa rada kwenye Model 3 na Model Y za Amerika Kaskazini mwaka 2021. Hoja yao ni kwamba vihisi viwili vinapopingana, inabidi umwamini mmoja. Hoja ina uzito kwa ngazi ya 2, ambako binadamu ndiye kihisi cha akiba. Kwa gari lisilo na dereva siikubali. Ukibaki na aina moja ya kihisi, hali moja ya hewa inaangusha vyote kwa mpigo.

#4 Hesabu Kali

Niongeze namba, maana bila namba huu utakuwa uzi wa imani.

Kilomita 100 kwa saa ni mita 27.8 kwa sekunde. Tuupe mfumo nusu sekunde ya kuona, kuamua na kujaza breki: mita 14 zimekwenda. Lami kavu, ukipunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde ya mraba, breki inakula mita 55. Jumla 69. Lami ikilowa ukabaki na 4, breki inakula mita 97, jumla 111. Kwa hiyo unahitaji kuona *na kuelewa* kwenye mita 111, na ubaki na ziada.

Sasa chukua laida yenye hatua ya nyuzi 0.1 kwa mlalo na 0.2 kwa wima. Kwenye mita 150, nukta mbili za mlalo zinaachana sentimita 26, mistari ya wima inaachana sentimita 52. Mtu mzima anapata mistari mitatu. Kipande cha tairi chenye kimo cha sentimita 20 kinapata mmoja, au hakipati kitu. Ndiyo maana kuuliza "laida yako inaona mita ngapi" peke yake ni bure. Uliza inaona kitu cha kimo gani, cheusi kiasi gani, kwenye umbali huo.

Halafu muda. Laida inayozunguka mara 10 kwa sekunde huchukua milisekunde 100 kumaliza duara, na ndani yake gari limesogea mita 2.8. Usiporekebisha kila nukta kwa wakati wake, ukuta ulionyooka unapinda. Saa ya kamera ikipishana na ya laida kwa milisekunde 20, kitu kilichosimama kinaonekana sehemu mbili zinazoachana sentimita 56. Saa zote zifungwe pamoja kwa PTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao, na mhuri wa muda uwekwe kwenye kihisi chenyewe. Ukiuweka data ikishafika kwenye kompyuta, ucheleweshaji wa mtandao unaingia kwenye vipimo vyako.

#5 Tumbo la Gari

Mmeongea macho, mimi niongee misuli.

Gari la ngazi ya 4 haliruhusiwi kuwa na kitu kimoja ambacho kikifa, gari linakosa breki au usukani. Kwenye gari la kawaida mguu wa dereva ndio akiba. Humu hamna mguu. Kwa hiyo:

Usukani: mota yenye nyaya za ndani za seti mbili, kontroli boksi mbili, njia mbili za umeme. Seti moja ikifa, inayobaki inatoa nusu ya nguvu, na mwendo ushushwe kulingana na hapo.

Breki: kuna kitengo kikuu cha umeme na haidroliki, halafu cha pili, mara nyingi kile cha uthabiti wa gari, chenye uwezo wa kujaza shinikizo peke yake. Breki ya maegesho ya umeme ni ya tatu, ya kushikilia gari likishasimama.

Umeme: vyanzo viwili vya volti 12 vilivyotenganishwa kwa swichi ya kielektroniki inayokata haraka upande wenye shoti, kabla upande mzima haujavutwa chini.

Pale watu wanapoumia ni hapa: wanafunga vitu viwili viwili, kisha waya hasi za vyote viwili zinafungwa kwenye boliti moja ya bodi. Kutu ikiingia kwenye boliti hiyo, akiba imekwenda pamoja na kikuu. Au fungu zote mbili za nyaya zinapita kona ileile ya mbele, bampa likigongwa zinakatika pamoja. Ukipewa mchoro wa gari hili, usihesabu kontroli boksi. Fuata nyaya kwa kidole, tafuta zinapokutana.

ISO 26262, kiwango cha usalama wa mifumo ya umeme ya magari, kwa daraja lake la juu kabisa, ASIL D, inalenga hitilafu za hatari za maunzi zisizozidi 10 kwa saa bilioni moja. Namba hiyo huifikii kwa chipu ngumu peke yake. Unaifikia kwa kugundua hitilafu mapema na kuwa na njia ya pili.

#6 Abiria Mtarajiwa

Sasa likishindwa si lisimame tu? Ugumu uko wapi?

#7 Tumbo la Gari

@Abiria Mtarajiwa kusimama ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

San Francisco, 2 Oktoba 2023: gari lililoendeshwa na mtu lilimgonga mtembea kwa miguu, likamrushia mbele ya gari la Cruise lisilo na dereva. La Cruise likafunga breki, likamgonga, likasimama. Hadi hapo unaweza kulitetea. Kisha likatafsiri tukio kama limegongwa ubavuni, na kanuni yake ya baada ya kugongwa ubavuni ni kujisogeza pembeni. Likamburuta kama mita 6. Tarehe 24 mwezi huohuo California ikasimamisha vibali vyao, magari 950 yakaitwa kurekebishwa programu, na Desemba 2024 General Motors, wamiliki wa Cruise, ikatangaza kuacha kugharamia teksi hizo.

Kanuni ya kusogea pembeni ni nzuri kwa ajali nyingi. Kilichokosekana ni kihisi na hoja ya kujibu swali moja kabla ya kusogea: chini ya gari kuna nini?

Upande wa pili, Desemba 2025 umeme ulikatika sehemu kubwa ya jiji hilohilo, taa za makutano zikazima. Teksi za Waymo zisizo na dereva ni magari yanayojua kuichukulia taa iliyozima kama makutano ya kusimama pande zote, lakini baadhi yaliomba uthibitisho wa binadamu aliye mbali. Maombi yakarundikana, magari yakaganda katikati ya njia. Kila moja lilikuwa salama kwa mtazamo wake. Kwa pamoja yakawa kizuizi.

Kanuni ya UN R157 ya ngazi ya 3 inampa dereva angalau sekunde 10 kabla gari halijaanza kujisimamisha, na kupunguza mwendo huko kusizidi mita 4 kwa sekunde ya mraba. Kwa ngazi ya 4 unaandika mwenyewe orodha: hitilafu gani inaruhusu kufika gereji, ipi hadi maegesho yaliyo karibu, ipi hadi bega la barabara, ipi hapohapo. Hitilafu nyingi zinatakiwa ziangukie kundi la kwanza. Zikiangukia la mwisho, ujue hukununua akiba ya kutosha.

#8 Mwanasaini

Nilikuwa nasubiri mfike kwenye nyaya, maana mlango wa mdukuzi uko humohumo.

Mtandao wa CAN, nyaya ambazo kontroli boksi za gari huzungumza kupitia kwake, ulitolewa na Bosch mwaka 1986. Ujumbe wake wa kawaida hubeba baiti 8. Hauna jina la mtumaji wala saini. Yeyote aliyegusa nyaya mbili anaweza kusema "mimi ni breki", na mwenye namba ndogo ya utambulisho ndiye anayepewa nafasi ya kusema kwanza. Wezi wa magari wamelitumia hili vizuri: uchunguzi uliotolewa 2023 ulionyesha wanavyochomoa plagi ya taa ya mbele, wanachomeka kifaa kilichofichwa ndani ya spika, na kutuma ujumbe wa "ufunguo umethibitishwa". Gari linafunguka na kuwaka. Taa ya mbele ilikuwa kwenye mtandao mmoja na kufuli!

Kwa mbali nako, Charlie Miller na Chris Valasek mwaka 2015 waliingia kwenye Jeep Cherokee kupitia modemu ya simu ya redio ya gari. Kulikuwa na mlango wa mtandao, 6667, uliokuwa wazi bila nywila. Kutoka kwenye redio wakaandika upya programu ya chipu ndogo iliyounganisha redio na CAN, kisha wakatuma ujumbe wa breki na usukani. Magari milioni 1.4 yakaitwa.

Hatua za kujikinga, kwa mpangilio ambao ningezitekeleza:

1. Tenganisha mitandao. Burudani, modemu na taa visigusane na breki na usukani. Katikati weka lango linaloruhusu orodha fupi ya ujumbe unaojulikana, mengine yote yadondoshwe.
2. Weka uthibitisho kwenye ujumbe muhimu. Mpango wa SecOC wa AUTOSAR (umoja wa viwango vya programu za magari), kwa wasifu wake wa kwanza, unatumia biti 24 za uthibitisho na biti 8 za kaunta, namba inayohesabu ujumbe. Hizo ni baiti 4 kati ya 8, nusu ya nafasi! Ndiyo maana watu wanahamia CAN FD, toleo jipya la CAN lenye baiti 64. Na kaunta ikipotea betri inapochomolewa, kontroli boksi zinakataana zenyewe. Pangeni mapema jinsi ya kuzisawazisha.
3. Uwashaji wenye uhakiki: kila programu ihakikiwe saini kabla ya kuwaka, ufunguo ukiwa ndani ya chipu maalumu, usikae kwenye diski.
4. Funga milango ya majaribio ya kiwandani. Mingi huachwa wazi kwa ajili ya "fundi wetu".
5. Kila gari liwe na funguo zake. Ufunguo mmoja kwa kundi zima maana yake anayefungua moja amefungua yote.

#9 Abiria Mtarajiwa

Kwa hiyo mtu akae kwake aliteke gari langu lililo barabarani?

#10 Mwanasaini

Gari moja moja inahitaji kazi kubwa sana. Kinachoninyima usingizi ni seva. Anayeshika mfumo wa masasisho, au kituo cha usaidizi wa mbali, ana magari yote kwa mpigo.

Masasisho yaende hivi: funguo za kusaini zigawanywe, wa juu kabisa ukae nje ya mtandao, seva mbili tofauti zisaini, moja ikiridhia programu yenyewe, nyingine ikiridhia gari lipi lipokee toleo lipi. Huo ndio muundo wa Uptane. Gari likatae toleo la zamani lenye tundu linalojulikana. Sakinisha likiwa limeegeshwa, kwenye nafasi ya pili ya kumbukumbu, ili toleo jipya likishindwa kuwaka lirudi la awali. Anza na magari machache, subiri, ndipo uendelee. Kanuni za UN R155 na R156 zinadai mfumo wa usimamizi wa mambo haya; Ulaya zilianza kwa aina mpya za magari Julai 2022 na kwa magari yote mapya Julai 2024.

Usaidizi wa mbali: mtu wa kituoni apewe uwezo wa kupendekeza njia au kujibu swali, na gari libaki na kura ya mwisho juu ya kugonga au kutogonga. Ukimpa usukani kamili kupitia mtandao wa simu, umemkaribisha mdukuzi na ucheleweshaji kwa pamoja.

Kuna na mashambulizi yasiyogusa kompyuta kabisa. Mwaka 2020 watafiti wa McAfee walirefusha kwa utepe mweusi sehemu ya tarakimu 3 kwenye kibao cha maili 35. Kamera ya Mobileye EyeQ3 ya Tesla za 2016 ikasoma 85. Mwaka 2019 maabara ya Keen ya Tencent ilibandika vibandiko vidogo vitatu barabarani na Tesla ikavutwa kuelekea njia ya wanaokuja. Mawimbi ya GPS yanafika ardhini yakiwa hafifu mno, mtambo mdogo unayafunika. Kinga yake ni kutomwamini shahidi mmoja: kibao kilinganishwe na ramani, GPS ilinganishwe na magurudumu, jairo (kihisi cha kugeuka) na laida. GPS ikidai gari limeruka mita 30 na magurudumu yakasema mita 2, GPS ndiyo mwongo.

Na mwaka 2023 kule San Francisco wanaharakati waliyasimamisha magari kwa kuweka koni ya barabarani juu ya boneti. Hakuna hata mstari mmoja wa programu ulioandikwa.

#11 Hesabu Kali

Hiyo koni ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote 😂

Ila @Mwanasaini umeruka jambo. Sasisho ni tukio la usalama wa barabarani pia. Utafiti wa 2016 wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ulipiga hesabu: ili kuonyesha kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba gari si baya kuliko wastani wa vifo vya Marekani wa wakati huo, 1.09 kwa kila maili milioni 100, unahitaji maili milioni 275 bila kifo hata kimoja. Hizo ni kama kilomita milioni 442. Magari 100 yakitembea saa 24 kila siku kwa maili 25 kwa saa yangechukua takriban miaka 12.5. Sasa wewe unatoa toleo jipya kila mwezi. Kilomita za toleo la zamani zinathibitisha toleo la zamani. Kwa hiyo lazima uwe na maktaba ya matukio ya kurudia kwenye kompyuta, na kila toleo lipite yote, yakiwemo ya Tempe na San Francisco, kabla ya kugusa barabara.

#12 Stoo Kuu

Nimesoma yote. Kila mnachosema "viwili viwili", mimi nasikia oda mara mbili.

Watu wakisikia uhaba wa chipu wanafikiria ile kompyuta kubwa. Hiyo ni kweli inategemea viwanda vichache mno, hasa vya Taiwan. Lakini mistari ya kuunda magari imesimamishwa mara nyingi na vitu vidogo: chipu za kudhibiti mota za nanomita 40 na kuendelea, diodi, transista. Chipu inaweza kuchukua hadi wiki 26 toka oda hadi kufungwa kwenye kifurushi. Mwaka 2020 waunda magari walifuta oda, viwanda vikawapa nafasi zao watengeneza kompyuta na simu, na waliporudi wakakuta foleni. Februari 2021 baridi kali ya Texas ikazima viwanda vya chipu vya NXP na Infineon kule Austin. Tarehe 19 Machi 2021 ukaja moto kwenye kiwanda cha Renesas cha Naka, Japani. Kurudi kwenye kiwango cha awali kulichukua kama miezi mitatu.

Oktoba 2025 ikawa zamu ya siasa. Serikali ya Uholanzi ilikuwa imeshika udhibiti wa kampuni ya chipu ya Nexperia mwishoni mwa Septemba, na China ikazuia chipu zake zilizofungwa Dongguan, China, zisiuzwe nje. Sahani za silikoni zinatengenezwa Ulaya, lakini takriban asilimia 70 ya bidhaa hufungwa huko China. Vitu vya senti chache kila kimoja, na Honda ikalazimika kupunguza uzalishaji.

Madini nayo: Aprili 2025 China iliweka vibali vya kuuza nje aina saba za madini adimu, yakiwemo disprosiamu na terbiamu, ambayo huzifanya sumaku zisipoteze nguvu kwenye joto. Mota ya usukani na ya breki zina sumaku hizo. Galiamu na jemaniamu zilishawekewa vibali tangu Agosti 2023. Jemaniamu ndiyo lenzi za kamera za joto, zile za kuona watu gizani.

Watengeneza laida nao hawatabiriki: Quanergy na Ibeo zilifilisika 2022, Velodyne ikaungana na Ouster 2023, Luminar ikaomba kinga ya kufilisika Desemba 2025. Kwa upande mwingine Marekani imepiga marufuku programu za kujiendesha zenye uhusiano na China au Urusi kuanzia magari ya modeli ya 2027, na maunzi ya mawasiliano kuanzia modeli ya 2030. Kwa hiyo unaweza kuwa na muuzaji mwenye mali, na bado usiruhusiwe kumtumia.

#13 Abiria Mtarajiwa

Si mnunue chipu inayofanana kwa mwingine?

#14 Stoo Kuu

"Inayofanana" ndilo neno linaloua. Kwenye karatasi volti ni sawa, miguu ni sawa. Hapa ndipo pa kuangalia:

Daraja la joto la AEC-Q100, kiwango cha majaribio ya chipu za magari. Daraja la 2 linaishia nyuzi 105, la 1 nyuzi 125, la 0 nyuzi 150. Chipu ya kawaida ya dukani inaweza kufanya kazi mezani na kufa ikikaa karibu na mota.

Ushahidi wa ASIL. Mbadala ukikosa uchambuzi wake wa hitilafu, hesabu ya @Tumbo la Gari ya 10 kwa saa bilioni inarudi mwanzo. Muda wa kuwaka nao uangaliwe, maana mbadala unaochelewa milisekunde chache unaweza kuifanya kontroli boksi ya pili iamini ya kwanza imekufa.

Bandia na iliyotumika. Kwenye soko la pembeni chipu husuguliwa maandishi na kuandikwa upya. Pima kwa eksirei, linganisha vipimo na ile halisi, fungua chache kwa tindikali uone kilichomo. Kwa chipu inayotunza funguo za @Mwanasaini, soko la pembeni lisiguswe kabisa, hata mstari ukisimama.

Uhifadhi. Ukinunua ya miaka kadhaa kwa mpigo kwa sababu muuzaji anaacha kuizalisha, ifungwe kwenye mifuko ya kuzuia unyevu pamoja na kadi ya kipimo. Unyevu ukiingia, wakati wa kuchomelea hugeuka mvuke na kupasua kifurushi ndani. Kwa nje huoni kitu.

Tahadhari ya kweli ni kubuni ubao tangu mwanzo ukubali chipu za wauzaji wawili, na zote mbili zipite majaribio kabla ya uhaba. Ni gharama. Wahasibu hawaipendi, sana sana mwaka ambao hakuna uhaba.

#15 Kalibra

Nimalizie na vipuri vya baada ya kuuza, maana hapa gereji nyingi hupotea. Kamera ikipinda nusu ya nyuzi tu, kwenye mita 100 kosa ni sentimita 87. Hiyo inatosha kumhamisha mtu kutoka pembeni hadi kwenye njia yako. Kubadilisha kioo cha mbele, kugusa kiungo cha gurudumu, kufungua bampa: vyote vinadai kalibresheni upya, yaani kukielekeza na kukisahihisha kihisi. Utaratibu: upepo wa matairi sawa, gari bila mzigo, sakafu tambarare, pangilia magurudumu kwanza, *ndipo* uweke vibao vya shabaha. Ukigeuza mpangilio unaisahihisha kamera kwa mstari wa gari ambao utabadilika dakika kumi baadaye.

Bampa mbele ya rada lisijazwe putty wala kupigwa rangi yenye chembe nyingi za chuma kuliko ya kiwandani. Unene wa plastiki hapo umepangwa kwa urefu wa wimbi ili mwakisiko ujifute. Ukiongeza matabaka, rada inaona karibu na kwa pembe iliyopotoka, bila taa ya onyo kuwaka.

#16 Abiria Mtarajiwa

Basi nikitaka kupanda au kununua, niulize nini?

#17 Tumbo la Gari

Uliza limeruhusiwa wapi na katika hali gani ya hewa, na likitoka nje ya hapo linafanya nini. Ukijibiwa "linafanya kazi popote", shuka.

#18 Mwanasaini

Uliza tarehe ya mwisho ya masasisho ya usalama, na nini kinafuata baada yake: linashushwa hadi ngazi ya 2, au linaegeshwa? Uliza pia vyeti vya kidijitali vilivyomo vinaisha lini. Gari lililokaa stoo mwaka mzima likisubiri kipuri linaweza kuwaka na vyeti vilivyopitwa na wakati, saa ya ndani imepotea, likashindwa kuthibitisha seva, na seva ikashindwa kulithibitisha. Hapo inabidi fundi mwenye kibali afike na waya. @Stoo Kuu, magari yenu yaliyoegeshwa yanaamshwa kila baada ya muda gani?

#19 Stoo Kuu

Mpango ulioandikwa ni kila siku 30: chaji betri za volti 12, washa, acha lipate saa na vyeti, lizime. Wanaoruka hatua hii ili kuokoa saa za kazi ndio wanaofungua tikiti za hitilafu kwako.

#20 Mwanasaini

Siku 30 sawa, mradi cheti kifupi kuliko vyote kiwe na uhai wa zaidi ya siku 60. Kama kipo cha siku 45, ukikosa mara moja tu umeshachelewa. Angalieni hicho kwanza.